Mpunga wa Idodi na Mlango wa Forodha

Ushuru wa forodha ni kodi inayotozwa bidhaa inapoingia nchini, na ingawa anayeilipa bandarini ni mwagizaji, athari yake hufika hadi kwenye majaruba ya Idodi, mkoani Iringa, ambako mpunga ni zao la chakula na la fedha pia. Tangu Januari 2005, Jumuiya ya Afrika Mashariki hutumia viwango vya pamoja kwa bidhaa zitokazo nje yake, na mchele umewekwa miongoni mwa bidhaa nyeti, yaani zile zinazokingwa kuliko nyingine, kwa ushuru usiopungua asilimia 75. Kwa mfano, kilo ikifika Dar es Salaam na thamani ya shilingi 1,000, bima na nauli ya meli zikiwemo, hutozwa angalau shilingi 750, na pengo hilo ndilo linalompa mkulima nafasi ya kuuza.

Kinga hiyo, hata hivyo, ina mlango, na ufunguo inao serikali, ambayo humsikiliza pia mlaji wa mjini. Mapema mwaka 2013, bei ya chakula ilipopanda, Tanzania iliruhusu mchele wa nje uingie bila ushuru, na bei ikashuka. Mlaji alipata nafuu ya kweli, jambo ambalo watetezi wa wakulima hulisahau upesi. Lakini hatua ya namna hiyo humkuta vibaya aliyehifadhi magunia tangu mavuno ya katikati ya mwaka akingoja bei ipande. Akiuza kwa hasara, hupunguza ekari msimu unaofuata, hivyo kibarua wa kupandikiza hukosa siku za kazi, na mwenye mashine ya kukoboa, aliyekopa kwa kutegemea mpunga huo, hubaki na marejesho ya benki. Kwa mwekezaji kama huyu, ushuru wa wastani unaodumu una faida kuliko ushuru mkubwa usiotabirika.

Marufuku ni kali zaidi, kwa kuwa haiachi hata nafasi ya kulipa na kupita. Machi 2025 Malawi ilizuia bidhaa kadhaa kuingia kutoka nje, zikiwemo mchele na ndizi, na mwezi uliofuata Tanzania ikajibu kwa kuzuia mazao ya Malawi, kisha ikalegeza baada ya siku chache. Mchele huvumilia ghalani. Ndizi zilizokwisha kupakiwa kwenye lori Mbeya huendelea kuiva.