Debbie Allen: Mwongozaji aliyeuleta Ukimwi sebuleni

Mwaka 1991, Ukimwi ulikuwa bado unatajwa kwa kunong'ona, hata Marekani. Aprili mwaka huo, tamthilia ya vichekesho ya A Different World ilimwonyesha msichana wa chuo akisimama mbele ya wenzake darasani na kusema ana virusi, alivyoambukizwa na mpenzi wake.

Aliyeongoza kipindi hicho ni Debbie Allen. Baadhi ya wadhamini waliondoa matangazo yao, lakini kikarushwa. Novemba, nyota wa kikapu Magic Johnson naye akaitangazia dunia hali yake.

Allen, mzaliwa wa Houston mwaka 1950, alianzia kwenye dansi. Akiwa binti, shule moja ilimkataa kwa madai kuwa mwili wake haufai. Alisoma Chuo Kikuu cha Howard, akaenda Broadway, na mwaka 1980 akacheza Anita katika West Side Story. Kisha Fame ikampa umaarufu kama mwalimu mkali wa dansi.

Katika Grey's Anatomy ameigiza Dk. Catherine Fox, daktari bingwa anayeugua saratani, huku akiongoza vipindi kadhaa. Kimoja, cha mwaka 2019, kinaonyesha wanawake waliojipanga ukutani wakimsindikiza kwa macho mwanamke aliyebakwa akipelekwa kwenye upasuaji.

Wazazi, tamthilia haichukui nafasi ya daktari. Ila inaweza kufungua mazungumzo tunayoyaonea haya. Kipindi kikigusa jambo zito, msikimbilie rimoti. Kaeni na vijana wenu, kisha waulizeni: wewe ungefanyaje?