Kwa Nini Watoto wa Wageni Wetu Wanasomea Nyumbani?

Swali hili tumeulizwa na kamati za sharika zaidi ya moja, na safari nyingine kwa uchungu. Familia imetoka ng'ambo, imepokelewa kwa vigelegele, imepewa nyumba jirani na shule ya msingi. Asubuhi watoto wa usharika wanapita na mifagio yao kwenda shule, na wale wageni wamebaki sebuleni na vitabu. Mzee mmoja wa kanisa alituambia waziwazi, "Basi shule yetu haiwafai." Wahisani nao wanauliza kwa nini bajeti ya familia moja ina fungu la vitabu vya watoto. Tunaona ni vema kueleza, maana mahali ambapo jambo hili halikuelezwa limeacha manung'uniko.

Si jambo jipya. Wamisionari wengi wa zamani waliwaacha watoto wao Ulaya walipofikia umri wa shule, na mzazi na mtoto wakabaki kufahamiana kwa barua. Baadaye zilikuja shule za bweni, kama ile ya Kijabe nchini Kenya iliyoanzishwa mwaka 1906. Mwaka huohuo shule ya Calvert ya Baltimore, Marekani, ilianza kutoa masomo kwa njia ya posta, na familia za wamisionari zikawa miongoni mwa walioyatumia. Hapa kwetu shule ya kimataifa ya Moshi ilianza mwaka 1969 kwa ajili ya watoto wa watumishi wa kigeni wa hospitali ya KCMC. Lakini shule za namna hiyo ni chache, ada zake ni kubwa, na anayetumwa kuhudumia zahanati ya kijijini yuko mbali nazo.

Sababu kubwa ya kusomea nyumbani ni safari ya kurudi. Mtoto wa miaka tisa anayekaa kwetu miaka mitatu atarudi kwao na kuingizwa darasa la wenzake wa rika lake. Akiwa hajui kuandika lugha yake sawasawa, ataanza nyuma. Shule zetu za msingi za serikali kwa kawaida hufundisha kwa Kiswahili, naye hajakijua. Hilo halisemi lolote juu ya ubora wa walimu wetu.

Sheria nazo hutofautiana, na hapa kamati nyingi huchanganyikiwa. Marekani kila jimbo lina utaratibu wake, na tangu mwaka 1993 kusomesha nyumbani kunaruhusiwa katika majimbo yote 50. Texas haimdai mzazi hata taarifa. New York inadai mpango wa masomo, ripoti nne kwa mwaka na tathmini ya mwisho wa mwaka. Kwa hiyo mkimwona mama wa Kimarekani anajaza makaratasi usiku, huenda anatimiza sheria ya kwao.

Ujerumani ni kinyume. Huko mtoto lazima aende shuleni, na Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliunga mkono msimamo huo mwaka 2006 na tena mwaka 2019. Familia ya Kijerumani inaweza kusomesha nyumbani ikiwa kwetu kwa sababu imejiondoa kwenye daftari la wakazi wa kwao. Siku ikirudi kuishi huko, hata kabla ya mkataba kwisha, watoto wanatakiwa shuleni. Sweden nayo imebana sana tangu sheria mpya ilipoanza kutumika mwaka 2011.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo sisi wenyewe tulikosea. Katika mradi mmoja tulipanga kazi tukihesabu watumishi wawili, baba mhandisi wa maji na mama muuguzi. Mama alikuja na pasi ya mtegemezi, ambayo haimruhusu kuajiriwa, na kila siku kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 6 mchana alikuwa mwalimu wa watoto watatu wa madarasa tofauti. Usharika ukamwona mvivu. Naye akaona anadaiwa kazi asiyoiahidi. Walirudi mapema, na kisima kilichelewa. Kosa lilikuwa letu sisi tuliopanga, maana hatukumwuliza.

Kwa hiyo kamati zinazojiandaa kupokea familia zihesabu mtumishi mmoja, na muda wa mwenzake usipangwe kabla ya kuzungumza naye. Nyumba iwe na chumba chenye meza na mwanga wa kutosha. Masomo ya siku hizi hutegemea kompyuta, lakini umeme na intaneti vyetu mnavijua, basi waambieni mapema waje na vitabu vya karatasi pia. Na asubuhi msibishe hodi ila kwa haja. (Hili la mwisho ni gumu kwetu, tunajua.)

Mchana ni wenu. Mtoto anayefundishwa na mzazi wake ana kwa ana humaliza kazi ya siku kwa saa chache, na upweke ndiyo shida yake kubwa. Mwiteni kwenye kwaya ya watoto, kwenye mpira, kwenye shule ya Jumapili. Huko ndiko Kiswahili kitakapomwingia.

Tusisahau pia wa kwetu wanaokwenda. Mchungaji anayetumwa Ujerumani na familia yake kwa miaka kadhaa hana hiari ya kuwasomesha watoto nyumbani. Wataingia shule ya Kijerumani, na baada ya miaka miwili watajibizana kwa Kijerumani mezani. Akirudi, mtoto hana Kiswahili cha mtihani wala Kiingereza cha sekondari. Jioni na Jumamosi hakuna sheria inayomzuia mzazi kufundisha, na vitabu vya kiada vipo katika maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania. Wahisani wanaogharimia safari hizo tunawaomba waweke fungu dogo la vitabu hivyo, kama wanavyowawekea wanaokuja huku. Kamati zenye familia inayotarajiwa kuja au kuondoka zituandikie angalau miezi sita kabla, zikitaja umri wa kila mtoto na darasa alilofikia.