Daftari lililomo ndani ya kipima-hewa

Ndugu wafanyakazi, na ninyi mama mnaowangoja nyumbani,

Kila mgonjwa anayeingia dispansari tunamwandika katika daftari: jina, saa, ugonjwa na dawa. Je, mnajua kwamba kipima-hewa mnachovaa kifuani nacho kina daftari lake?

Ndani yake mna kompyuta ndogo sana. Mara nyingi mainjinia huiandikia maagizo kwa lugha iitwayo C, ambayo Mmarekani Dennis Ritchie aliitunga mwaka 1972. Kati ya maagizo hayo yako yale ya kuweka kumbukumbu. Vifaa vingi huandika kila dakika: saa ni hii, hewa ni hii. Matukio hupangwa kwa uzito wake. Kuwashwa kwa kifaa ni habari. Betri ikipungua ni onyo. Gesi ikipita kiasi ni hatari. Kifaa hakiandiki kila kitu, kwa maana kuandika mno huchelewesha kupima na huchakaza kumbukumbu. Daftari likijaa, kinaandika juu ya kurasa za zamani.

Kwa nini jambo hili linanihusu mimi wa dispansari? Kwa sababu ya monoksidi ya kaboni, gesi itokayo katika moshi wa mota. Haina rangi wala harufu. Watu wa Goma wanajua mazuku, hewa nzito inayolala mabondeni na kuua bila kuonekana. Gesi hizi si moja, lakini zote mbili humnasa mtu bila yeye kujua. Aliyevuta gesi ya mota huumwa kichwa, huona kizunguzungu, hutapika na kulegea. Ni rahisi kudhani kwamba ni malaria.

Niliona hayo mahali nilipofanya kazi zamani. Siku moja, saa 14.40, waliniletea kijana aliyeanguka shimoni. Kengele ya kifaa chake ililia, lakini kelele za pampu zilimzuia kusikia. Fundi alifungua kumbukumbu, akasoma: hatari, saa 13.10. Kapita akasema: "Saa 13.10 tulikuwa tunakula nje. Tuliingia saa 13.30. Kifaa hiki kinasema uongo." Nami nikaandika malaria. Wenzake wakarudi kazini. Jioni wakaniletea mtu wa pili.

Kifaa hakikusema uongo. Saa yake ilikuwa imepangwa kwa saa ya Kinshasa, na sisi wa Kivu tuko mbele kwa saa moja. Hatari ilitokea saa 14.10, ndani ya shimo, karibu na mota ya pampu. Wote wawili walipewa oksijeni, wakapona. Lakini kosa lilikuwa letu, na mimi wa kwanza: sikulinganisha saa ya kifaa na saa ya ukutani.

Basi tushike mambo haya manne:

1. Kabla ya kuingia, washa kifaa penye hewa safi. Oksijeni isomeke karibu 20.9 kwa mia. Linganisha saa yake na saa ya chumba cha taa. Ikitofautiana, mwambie fundi.

2. Kengele ikilia, toka. Usikizime kwa sababu kinakusumbua. Kifaa kilichozimwa hakipimi, wala hakiandiki.

3. Mwenzako akianguka, ita kikosi cha uokozi. Usimfuate ndani bila kifaa cha kupumulia. Akishatolewa, leteni kipima-hewa chake pamoja naye dispansari.

4. Baada ya ajali, kifaa kisirudi kazini kabla fundi hajatoa nakala ya kumbukumbu. Kikiendelea kutumika, kurasa za siku ile zitafutwa.

Mama, gesi hiyo hiyo hutoka katika mbabula ya makala. Usilale nayo ndani ya nyumba iliyofungwa, hata wakati wa baridi. Na bwana akirudi kazini akilalamika kichwa na kizunguzungu, usimpe dawa ya malaria na kumlaza. Mlete dispansari usiku huo huo, ukatuambie alifanya kazi wapi na karibu na mota gani.

Kifaa kinaandika ili sisi tusome. Tukisoma vizuri, mtu wa pili haletwi.