Mwaloni katika Nyumba Yenye Viraka

Ingia katika nyumba ya kawaida ya safu iliyojengwa Uingereza enzi za Malkia Victoria, kati ya 1837 na 1901, kisha tazama chini. Ukumbini kuna vigae vya rangi vilivyopangwa kwa nakshi. Sebule mbili zinazofuata zina mbao za msonobari. Nyuma, palipokuwa jiko na mahali pa kufulia, vimelazwa vigae vyekundu vya udongo. Chumba kilichoongezwa miaka ya 1970 kina zege, na mwenye nyumba wa leo anataka kukirefusha zaidi hadi bustanini, kwa milango mipana ya vioo. Ukuta uliotenga sebule mbili ulishabomolewa, kwa hiyo sakafu zote hizi zinaonekana kwa mkupuo mmoja.

Hapo ndipo linapokuja wazo la kutandaza mwaloni nyumba nzima. Ni wazo zuri kwa sharti moja: mwaloni uwekwe pale ambapo sakafu ya asili imekwisha kupotea, si pale ambapo bado ipo.

Sababu ni ya kihistoria. Mwaloni ulikuwa mbao ya sakafu za nyumba za enzi za wafalme wa Tudor, na baadaye za wenye mali. Nyumba za safu za karne ya 19 zilitandikwa msonobari ulioletwa kwa meli kutoka nchi za Baltiki na Skandinavia. Haukukusudiwa kuonekana wote: zulia lilifunika katikati ya chumba, na pembezoni mbao zikapakwa rangi ya kahawia iliyokoza. Ukiinua kapeti la leo ukakuta utepe mweusi umezunguka chumba, umekutana na mkono wa fundi wa wakati ule. Kuzing’oa mbao hizo ili uweke mpya za mwaloni ni kufuta ushahidi usiorudi. Na ikiwa nyumba imo katika orodha ya majengo yanayolindwa, kubadili sakafu ya kihistoria bila kibali ni kosa la jinai. Vigae vya ukumbini navyo viache. Havihitaji kufanana na chochote. Mwaloni ufike ukingoni mwake na ukome hapo.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Kinachoifanya nyumba ionekane moja ni usawa wa sakafu kwanza, kisha uelekeo wa mbao, na rangi huja mwisho. Wengi huanzia kwenye rangi. Usawa huamuliwa siku zege la nyuma linapopimwa kabla ya kumwagwa: unene wa kizuia-baridi, wa zege la juu, wa gundi na wa ubao lazima ujumlishwe ili uso wa mwaloni ukutane sawasawa na uso wa msonobari wa sebuleni. Ukikosea milimita kumi, utaishia na ngazi ndogo ya kujikwaa mlangoni, au kipande cha ubao kilichoinama ambacho kila jicho litakiona.

Uelekeo nao hutoka kwenye sakafu ya zamani, kwa kuwa mbao zake hukatiza boriti zilizo chini yake. Juu ya zege hakuna boriti inayokulazimisha, basi fuata uelekeo ule ule. Upana wa mbao pia usiachane mno na wa zamani. Mbao pana sana, zinazopendwa siku hizi, hufaa jumba la shambani. Katika sebule nyembamba ya mjini hukifanya chumba kionekane kifupi.

Anayetoka Afrika Mashariki na aliyezoea mninga anahitaji tahadhari hapa. Mninga ukikauka vizuri hutulia. Husinyaa na kuvimba kidogo mno. Mwaloni wa Ulaya haukai hivyo. Unyevu wa hewa ukishuka kutoka asilimia 90 hadi 60, ubao wa upana wa milimita 200 uliopasuliwa kwa njia ya kawaida hupungua takriban milimita 5. Uliopasuliwa kuelekea kiini cha gogo hupungua kama milimita 3, na juu yake huonekana mimeremeto ya mwaloni ambayo watu huilipia kwa furaha. Majira ya baridi, nyumba inapopashwa moto na hewa kukauka, nyufa hufunguka kati ya mbao, kiangazi hujifunga. Ndiyo maana fundi huacha nafasi ya milimita 10 hadi 15 kando ya kuta zote na kuifunika kwa skating.

Na ndipo penye mvutano mkubwa wa kazi hii. Jicho linataka sakafu moja isiyokatika kutoka mbele hadi bustanini, lakini kila mita unayoongeza kwa upana wa mbao huongeza jumla ya mchezo wake. Suluhisho ni kuikata sakafu chini ya mlango, pale mlango ukifungwa unapofunika mkato, kwa kipande cha mwaloni ule ule kilicholala bapa. Chuma cha dhahabu kinachowekwa na mafundi wa haraka huirudisha nyumba kwenye viraka.

Kama kuna mabomba ya maji moto chini ya sakafu, chagua mbao za tabaka: mwaloni wa milimita 4 hadi 6 juu, plaiwudi chini. Hutulia kuliko ubao mzima na bado zinaweza kupigwa msasa zaidi ya mara moja. Joto la uso wa sakafu lisipite nyuzi 27.

Kuhusu rangi nitasema machache. Usijaribu kuupaka mwaloni ufanane na msonobari wa miaka mia; utapata nakala mbaya ya kitu kilicho pembeni yake. Uache uwe mwaloni, kwa mafuta au nta. Ukitaka ukoze, kuna njia ya kale ya kuufukiza kwa amonia, iliyopendwa na mafundi wa samani mwishoni mwa karne ya 19: amonia hukutana na tanini iliyomo ndani ya mti na kuugeuza kahawia bila rangi ya kopo. Tanini hiyo hiyo ndiyo hufanya chuma chenye unyevu kiache doa jeusi juu ya mwaloni, kwa hiyo misumari inayogusa ubao iwe ya chuma kisichoshika kutu, na pamba ya chuma isikaribie.

Mwisho, chini ya sakafu za zamani kuna nafasi tupu inayopata hewa kupitia matofali yenye matundu nje ya nyumba. Nyongeza ya nyuma mara nyingi huyaziba, na boriti za sebuleni zikaoza miaka michache baadaye. Daima pitisha mabomba ya hewa chini ya zege jipya. Zege hilo nalo lina ratiba yake: safu ya milimita 50 huhitaji takriban siku 50 kukauka, na kila milimita inayozidi hapo hukawia zaidi. Mwambie mjenzi aandike kwenye mkataba kuwa mwaloni hautalazwa mpaka kipimo cha unyevu linganifu wa zege kisome asilimia 75 au chini, moto wa nyumba ukiwa tayari unawaka.