Hata Moyo Hula

Sogeeni karibu, wanangu. Leo moyo wenyewe unataka kusema.

"Mimi ni moyo. Kwa siku moja napiga mara 100,000 hivi. Naulisha ubongo. Nailisha miguu. Hata kidole cha mwisho nakilisha. Na mimi pia hula!"

"Mjomba, moyo si umejaa damu? Mbona usile humo humo?"

Swali zuri mno! Damu ya ndani inapita tu, na kuta za moyo ni nene. Haiwezi kupenya zote. Kwa hiyo moyo una mishipa yake miwili, wa kulia na wa kushoto. Yote huchipuka kwenye aota, mshipa mkuu utokao moyoni. Inaitwa ateri za koronari.

"Kila mtu yuko hivyo?"

Karibu kila mtu. Kwa wachache sana, tangu tumboni mwa mama, mshipa mmoja huchipuka mahali si pake. Pengine hupita katikati ya mishipa miwili minene: aota na ule uendao mapafuni.

Umewahi kupita katikati ya ng'ombe wawili njiani? Wakienda polepole, unapita. Wakikimbia, wanakubana! Basi nawe ukitulia, moyo unakula. Ukikimbia, mishipa minene inafura, mwembamba unabanwa. Moyo unalia: "Nina njaa!" Kilio hicho ni maumivu ya kifua, kizunguzungu au kuzimia.

"Mtu aweza kuishi hivyo bila kujua?"

Ndiyo, mwanangu. Huko Marekani, Pete Maravich alikuwa fundi wa mpira wa kikapu. Alicheza ligi ya NBA miaka kumi. Mwaka 1988, akiwa na miaka 40, alianguka akicheza, akafariki. Uchunguzi ulionyesha kwamba alizaliwa na kasoro nyingine: hakuwa na ateri ya koronari ya kushoto.

"Mjomba, jana kifua kiliniuma. Ndiyo hiyo?"

Umefanya vyema kusema! Usiogope. Mara nyingi kifua cha mtoto huuma kwa sababu ya misuli au kikohozi, wala si moyo. Lakini kikiuma unapokimbia, au ukizimia mchezoni, simama. Usijikaze. Mwambie mama, mwambie mwalimu. Daktari atautazama moyo kwa mawimbi ya sauti au kwa picha za CT. Akikuta mshipa umepita pabaya, madaktari wa upasuaji wanaweza kuutengenezea njia. Lakini daktari hasikii njaa ya moyo wako. Unayeisikia ni wewe, basi iseme.