"Programu Chakavu" au "Programu Iliyoachwa"?

Miongoni mwa mambo yanayowatatiza wafasiri wa nyaraka za kompyuta ni jinsi ya kuiita programu ya zamani ambayo bado inatumika ingawa haifuati viwango. Wako wanaoandika "programu chakavu". Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba istilahi hiyo haifai, kwani huficha wajibu wa mtengenezaji.

Kitu huchakaa kwa kutumiwa. Nguo huchakaa mwilini, jembe huchakaa shambani, na anayelaumiwa ni mwenyewe asiyenunua jipya. Programu haichakai hivyo. Maagizo yake leo ni yale yale ya siku ilipotolewa. Kinachobadilika ni mazingira yake, na mtengenezaji hufika mahali akaacha kuirekebisha.

Tuchukue mfano wa Internet Explorer 6, kivinjari, yaani programu ya kufungulia kurasa za intaneti, kilichotolewa na kampuni ya Microsoft mwaka 2001. Viwango vya kimataifa vya uandishi wa kurasa vilikuwapo, vimewekwa na shirika la W3C, lakini kivinjari hicho hakikuvifuata kikamilifu. Tena kilikuwa na nyenzo za kampuni hiyo pekee, kama vile ActiveX. Kwa kuwa vivinjari vya Microsoft vilikuwa vimeshika zaidi ya 90% ya watumiaji, waandishi wa kurasa walikifuata kivinjari, wakaviacha viwango. Toleo la 7 halikutoka mpaka 2006. Huko Korea ya Kusini huduma za benki za intaneti zilijengwa juu ya ActiveX, na wateja wakalazimika kushikamana na vivinjari vya kampuni hiyo kwa miaka mingi.

Mwaka 2011 Microsoft yenyewe ilianza kuwahimiza watu wakiache kivinjari cha 2001. Marekebisho yake yalikoma mwaka 2014, pamoja na yale ya Windows XP. Ni kweli kwamba ofisi zilizopuuza viwango nazo zina lawama. Lakini aliyewafungia watu njia ya kutokea hawezi kuwalaumu peke yao kwa kubaki ndani.

Kwa hiyo yafaa tutofautishe istilahi tatu:

(a) Programu iliyopitwa na wakati: ina toleo jipya zaidi, ingawa huenda bado inarekebishwa.
(b) Programu isiyo sanifu: haifuati kiwango kilichokubaliwa, hata ikiwa ni ya jana.
(c) Programu iliyoachwa: mtengenezaji amekoma kuirekebisha.

Internet Explorer 6 kilikuwa (b) tangu kuzaliwa, kikawa (a) mwaka 2006, na (c) mwaka 2014.

Sarufi yenyewe yatusaidia hapa. Kitenzi "chakaa" hakidai mtenda, "achwa" chamdai. Mtumishi anayesoma katika mkataba kwamba programu "itaachwa" hana budi kuuliza: na nani, lini, na kwa taarifa ya muda gani? Maswali hayo yaulizwe kabla ya kutia sahihi.