Lori, redio ya CB na antena: pesa uweke wapi?



Vijana wetu wengi walioko Marekani, wawe wa Bongo, Kenya, Kongo au Burundi, siku hizi wameshika usukani. Boksi wamewaachia wengine. Mtu anapata leseni ya CDL, anakabidhiwa lori, anaanza kuchapa lami jimbo hadi jimbo. Wiki ya kwanza tu wazee wa kazi wanamwuliza: una CB? Basi anakimbilia duka la kituo cha malori, anakuta ukuta mzima wa redio zinawakawaka taa, muuzaji anamwangalia usoni anajua huyu mgeni. Dakika ishirini baadaye kijana katoka na redio ya bei mbaya na antena ya bei poa. Hapo ndipo mchezo unapoharibika. Ilitakiwa iwe kinyume chake.

Kwa msiojua, CB ni redio ya kuongea na kusikiliza, haina laini, haina vocha, haina mnara. Lori linaongea na lori moja kwa moja. Marekani ina chaneli 40 kwenye mawimbi ya megahetsi 27, na tangu 1983 mtumiaji hahitaji leseni. Chaneli 9 ni ya dharura. Chaneli 19 ndiyo kijiwe cha madereva wa malori. Umbali wake sio mkubwa kivile, kwa lori lililofungwa vizuri ni kilomita chache, ukiwa kwenye uwanda wazi zinaongezeka, ukiwa katikati ya majengo au milima zinapungua.

Sasa utaniuliza, kwani simu zipo, ramani za intaneti zipo, CB ya nini? Ni kweli CB imepungua sana, si kama ile miaka ya sabini ambapo mafuta yalipanda bei, serikali ikashusha mwendo mpaka maili 55 kwa saa, na madereva wakaanza kupeana habari za trafiki na pampu zenye mafuta. Siku hizi unaweza kuendesha saa nzima chaneli 19 iko kimya. Lakini sikia hii. Asubuhi ya tarehe 11 Februari 2021, mjini Fort Worth, Texas, barabara ya I-35W ilikuwa na barafu nyembamba ambayo jicho haliioni. Magari 133 yaligongana, malori yakiwemo, na watu 6 walifariki. Sisemi CB ingewaokoa, hilo hakuna anayeweza kulisema. Ninachosema ni kwamba ajali za namna ile zinaendelea kukua kwa sababu aliyeko nyuma hajui kilichotokea mbele, na dereva aliyekwama mbele anaweza kushika maiki akasema neno moja ambalo wote walioko kilomita tatu nyuma yake wanalisikia kwa pamoja. Simu haifanyi hivyo, maana huna namba za watu wasiokujua. Kule Alaska, barabara ya Dalton inayopanda kaskazini kwenye mafuta, simu kwa sehemu kubwa haishiki, na malori yanaarifiana kwa chaneli 19. Pia kuna viwanda na maghala ambayo ukifika getini unakuta kibao: ita kwenye chaneli fulani, ngoja uambiwe mlango wa kupakulia.

Kuna la sheria pia. Kuanzia Januari 2012 dereva wa lori la biashara haruhusiwi kushika simu mkononi akiwa anaendesha, na faini ya dereva iliwekwa mpaka dola 2,750. Maiki ya CB haimo kwenye katazo hilo la serikali kuu. Majimbo mengine yana masharti yao, ulizia la kwako.

Haya, turudi kwenye pesa.

Jambo ambalo muuzaji hatakwambia ni hili: redio zote halali za CB kwa mtindo wa kawaida wa AM zina nguvu ile ile, wati 4. Ile ndogo ya bei nafuu, wati 4. Ile kubwa yenye vitufe kama rubani, wati 4. Unacholipia zaidi ni masikio mazuri, spika, maiki na vichujio vya makelele. Kinachoamua sauti yako ifike wapi ni antena na jinsi ilivyofungwa.

Wimbi la CB lina urefu wa mita 11 hivi. Antena inayofanya kazi vizuri bila hila yoyote ni robo ya wimbi, yaani kama mita 2.7. Kwenye lori ambalo tela lake lina futi 13 na inchi 6 kwenda juu, huwezi kusimamisha chuma cha mita 2.7 kwenye saiti mira halafu ukapita chini ya miti na madaraja kwa amani. Kwa hiyo watengenezaji wanachukua waya wanauzungushia koili ili antena fupi ijione ndefu. Kadiri unavyoifupisha ndivyo unavyopoteza. Zile kijiti za futi mbili ni za urembo jamani. Kwa lori anza futi 4, na angalia koili imekaa wapi. Ikiwa iko chini kabisa na antena imefungwa kwenye saiti mira, koili inajificha nyuma ya bati la kabini na tela. Unataka iwe juu: Firestik zinazungushiwa waya mpaka kwenye ncha, na Wilson wana za malori ambazo koili imenyanyuliwa kwa fimbo. Sehemu kubwa ya antena ipite paa la kabini.

Zile za sumaku je? Ni nzuri kwenye gari dogo lenye bati la chuma. Kwenye lori jipya ujue kabini nyingi ni za alumini na boneti ni faiba, sumaku haishiki hata uibembeleze. Pima kwanza na sumaku ndogo ya friji kabla hujalipa.

Na hapa kuna kitu kinachowatesa wengi: eathi. Antena ni nusu tu ya mfumo, nusu nyingine ni bati la gari lenyewe. Kama mkono wa saiti mira umeshikiliwa na plastiki au umepakwa rangi nzito, antena inaning'inia hewani, hata ungenunua ya dola mia mbili. Chukua mita ya fundi umeme, gusa kishikio cha antena na upande wa hasi wa betri. Isome karibu na sifuri. Isiposoma hivyo, kwangua rangi pale kwenye boliti au vuta mkanda mfupi wa waya mnene mpaka kwenye bodi. Kazi ya nusu saa, na mara nyingi inaleta tofauti kubwa kuliko kubadilisha redio.

Wale wanaopenda antena mbili, moja kila upande, sio maringo tu. Zikiachana kama futi 9, na saiti mira za lori zinakaribia hapo, zinasukuma sauti zaidi mbele na nyuma, kwenye barabara yenyewe. Ila zinataka waya wake maalumu wa kuziunganisha, wa omu 75, sio ule wa kawaida wa omu 50 unaotumika kwa antena moja. Na moja ikivunjwa na tawi, zote mbili zinaharibika hesabu. Kwa anayeanza mimi naona moja tu inatosha, ifunge upande wa kushoto, upande wa dereva. Kule magari yanayokuja yanapita kushoto kwako, na matawi mengi yako kulia.

Ukishafunga usiongee bado! Kwanza pima SWR. Hii ni namba inayoonyesha nguvu kiasi gani inatoka kwenye redio, inafika kwenye antena, inagoma, inarudi. Ikisoma 1.5 kinachorudi ni kama asilimia 4, safi kabisa. Ikisoma 2 kinarudi kama asilimia 11, unaweza kuishi nayo. Ikifika 3 ni robo nzima, na hapo unaanza kuipika redio yako kwa ndani. Redio nyingine zina mita hii tayari, vinginevyo mita ya pembeni haina bei kubwa. Nenda sehemu ya wazi, mbali na malori mengine na kuta, funga milango, pima chaneli 1 halafu chaneli 40. Kama 1 iko juu kuliko 40, antena ni fupi, irefushe. Kama 40 iko juu kuliko 1, ni ndefu, ipunguze kidogo kidogo, maana ukishakata huwezi kurudisha. Kama zote ziko juu ya 3, acha kukata, tatizo liko kwenye eathi au waya umebanwa mahali. Angalia mlango, waya wa antena ukibanwa na mlango kila siku hauchukui muda kufa.

Kama lori ni la kampuni usitoboe kitu. Malori mengi yanatoka kiwandani na sehemu ya kuchomeka CB juu ya kioo cha mbele, umeme upo na waya wa antena upo. Pima SWR ya hiyo antena waliyoweka kabla hujaiamini.

Redio yenyewe sasa. Cobra 29 imekuwa kwenye kabini za malori miaka na miaka, na sababu ni vitufe vyake: cha kupunguza usikivu ili usichanganywe na walioko mbali, cha kuongeza sauti ya maiki, cha kuchuja kelele, na mita ya SWR humo humo. Ni kubwa lakini. Kama kabini haina nafasi kuna ndogo za Uniden na Cobra zenye sauti, kinyamazisha mkwaruzo na chaneli basi, na ukiifunga na antena nzuri itamshinda mwenye redio kubwa na antena mbovu kila siku. SSB, ile inayoruhusiwa mpaka wati 12, ni nzuri kwa wapenzi wa redio, lakini chaneli 19 watu wanaongea AM na SSB yako wataisikia kama bata. FM iliruhusiwa Marekani mwaka 2021, sauti yake ni tulivu, ila inasikika kwa mwenye FM tu. Usilipie ziada kwa sababu hizo kama unachotaka ni barabara. Afadhali ongeza spika ya nje, kwa maana injini na feni haviachi usikie.

Umeme chukua moja kwa moja kwenye betri au kwenye zile nguzo za kiwandani, weka fyuzi. Ukiiba kwenye kiberiti cha gari utakaribisha mlio wa injini ndani ya redio.

Halafu yule jamaa wa duka atakuja na neno tamu: "nikuongezee nguvu?" Atataka kufungua redio aichokonoe, au akuuzie amplifaya ya wati mia kadhaa, au redio ya mawimbi ya mita 10 iliyobadilishwa iingie CB. Vyote vitatu haviruhusiwi na FCC kwenye CB. Lakini tuache sheria, tupige hesabu. Ili mshale wa anayekusikiliza upande hatua moja tu, unatakiwa uzidishe nguvu mara nne. Yaani kutoka wati 4 mpaka 16, hatua moja. Na amplifaya haikusaidii kusikia. Utakuwa unapiga kelele kama mnada halafu hujui kama umejibiwa. Antena nzuri inafanya kazi pande zote mbili, kutuma na kupokea.

Lugha nayo ni mtihani. Kwenye CB trafiki ni "bear", akiwa na tochi ni "Kojak with a Kodak", mizani ni "chicken coop", na "alligator" sio mamba, ni ganda la tairi lililopasuka limelala barabarani, ukilipanda linaruka linakata mabomba ya breki. Hilo la mwisho lishike haraka. Wengine humo wana midomo michafu, wakisikia lafudhi ya Kiafrika wanaanza. Usibishane nao, punguza sauti au hama chaneli, kisha rudi. Sikiliza zaidi ya kuongea mwezi wa kwanza. Tangu Juni 2025 dereva anayeshindwa mtihani wa Kiingereza mbele ya mkaguzi anasimamishwa palepale barabarani, kwa hiyo masikio yanayozoea Kiingereza cha haraka chenye mkwaruzo hayapotezi kitu.

Na wewe uliyeko Tunduma au Mombasa unayefikiria kumwagiza ndugu akuletee moja: redio hizi ni za volti 12. Scania, Volvo na Benzi nyingi za kwetu zina volti 24, ukichomeka hivyo hivyo utanusa moshi. Zipo chache zinazokubali zote mbili, vinginevyo unahitaji kibadilishi cha kushusha umeme. Ila kabla ya hayo yote pita TCRA, au CA kwa Kenya, uulize kibali. Na kumbuka inataka watu wawili wenye CB ndio muongee. Mwenzako wa kwenye msafara asipokuwa nayo, mtabaki na ile yetu ya kuwashiana taa.

Mliopo barabarani huko, mmefunga nini na SWR inasoma ngapi? Tupeni hapo chini.